Ubao upi uende wapi: mninga, paini na mkaratusi kwa nyumba na samani

ZUHURA: Assalamu alaykum, na karibuni kwenye kipindi chetu cha ujenzi kutoka hapa Tabora. Mimi ni Zuhura, shughuli yangu ni kukadiria na kusimamia ujenzi. Nipo na kaka Kulwa, fundi seremala. Leo tunazungumza mbao tu, mwanzo mpaka mwisho.

KULWA: Ahsante dada Zuhura. Wasikilizaji, mwangaluka.

ZUHURA: Nianze na hili. Tabora mtu akijenga anataka mninga kila mahali. Fremu mninga, milango mninga, kitanda mninga, na akiwa na uwezo hata kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, anataka za mninga. Je, kuna sababu?

KULWA: Kwa fremu na samani, sababu ipo. Kwa kenchi, hapana, hizo ni fedha zinapotelea juu ya dari. Sifa kubwa ya mninga kuliko zote ni kutulia. Ubao wowote hupungua unapokauka na huvimba hewa ikiwa na unyevu, lakini mninga hucheza kidogo sana. Meza ya upana wa futi 3, ukitoka masika kuingia Septemba yetu hii kavu, ikiwa ya mkaratusi inaweza kupungua hadi sentimita 1 upande wa upana. Ya mninga ni kama nusu ya hapo. Ndiyo maana mlango wa mninga ulioundwa vizuri haukwami mvua ikianza Novemba.

ZUHURA: Na mchwa?

KULWA: Kiini cha mninga kinavumilia mchwa na kuoza. Angalia neno kiini. Ukikata gogo, nje kuna ukanda mweupe au wa manjano hafifu, ndani ndiko kuna rangi ya kahawia ya dhahabu au nyekundu. Ule ukanda mweupe hauna kinga yoyote. Bungua wanaupenda kwa sababu una wanga. Baada ya muda unaona vitundu vya milimita 1 au 2 na unga laini unadondoka chini ya kitanda. Mwenye kitanda anasema ameuziwa mninga feki, kumbe ni mninga kweli, ila fundi aliacha weupe.

ZUHURA: Hapo nisisitize. Kwenye ubao wa inchi 6, weupe wa inchi moja upande mmoja maana yake umelipia inchi 6 na una inchi 5 za kutumainia. Unapochagua, geuza kila ubao pande zote mbili. Weupe ukiwa upande mmoja tu, fundi anaweza kuupasua. Ukiwa pande zote mbili, rudisha.

KULWA: Kuna pia suala la rangi ya kupakwa. Mkaratusi unapakwa rangi ukafanana na mninga, hasa kwenye samani zilizokwisha pigwa vanishi. Dawa yake ni kukwangua kwa kisu sehemu isiyoonekana, chini ya droo au nyuma ya mguu. Rangi ya mti inaendelea ndani, ya kupakwa inaishia juu juu.

ZUHURA: Mimi napenda mzani zaidi. Ubao wa inchi 2 kwa 6 wenye urefu wa futi 12, ukiwa na vipimo kamili, ni futi moja ya ujazo. Mninga mkavu una uzito wa takriban kilo 640 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ubao huo mmoja unakuja kama kilo 18. Paini kavu ni kilo 13 au 14. Mkongo, ubao mwingine mzito, unafika 23. Sasa ukipima ubao unaoambiwa ni mninga mkavu ukakuta kilo 25, mambo ni mawili: ama si mninga, ama umejaa maji.

KULWA: Na mara nyingi ni maji. Tuseme ukweli, mninga mbichi ndio unaoharibu nyumba nyingi hapa. Umepasuliwa wiki iliyopita, leo ni fremu ukutani. Lipu ikikauka na fremu nayo inapungua, unapata ufa kuzunguka mlango mzima. Mlango wenyewe unajikunja, kitasa hakifungi.

ZUHURA: Basi tukae hapo kwenye kukausha, maana ndiko fedha zinakookolewa. Eleza namna ya kupanga.

KULWA: Kwanza zinyanyue mbao kutoka ardhini, sentimita 40 au 45, juu ya matofali yaliyolingana kwa pima maji. Panga mbao safu kwa safu, na kila safu uitenganishe na vijiti vikavu vya inchi 1 kwa 1. Vijiti vyote vilingane unene, vikae kila baada ya sentimita 50 hivi, na kijiti cha juu kikae sawasawa juu ya kijiti cha chini. Vikipishana, ubao unabonyea katikati na unakauka na pindo hilohilo. Ncha za mbao zipakwe rangi ya mafuta au nta, kwa sababu maji hutoka haraka sana kwenye ncha na ndipo nyufa zinapoanzia. Juu weka bati la kivuli na mawe ya kukandamiza.

ZUHURA: Jua la moja kwa moja?

KULWA: Usithubutu. Juu panakauka, ndani pabichi, ubao unapasuka. Na kwa Tabora niongeze: kuanzia Agosti hadi Oktoba upepo wetu ni mkavu mno. Upande unakotoka upepo, ning'iniza magunia ili upite taratibu. Ubao wa inchi 1 mpe miezi 3 hadi 4. Wa inchi 2 usidhani ni mara mbili tu, unachukua zaidi ya hapo.

ZUHURA: Kujua kama umekauka, ambaye hana kipima unyevu afanye hivi. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, siyo kwenye ncha. Kipime kwa mzani wa gramu. Kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi mpaka uzito uache kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilikuwa gramu 460, kimebaki 400: tofauti ni 60, unyevu ni asilimia 15. Kwa samani za ndani hapa kwetu lenga asilimia 10 hadi 12. Kwa fremu, 15 si mbaya.

KULWA: Asiye na oveni apime ubao mzima kila wiki, aandike kwa chaki. Uzito ukisimama wiki tatu mfululizo, umekauka kadiri ya hewa ya hapo.

ZUHURA: Hewa ya hapo, umesema vizuri. Kigoma pale karibu na ziwa hewa ina unyevu kuliko huku. Kabati lililotengenezwa Kigoma likaletwa Tabora mwezi wa tisa litapungua. Mbao zikija kutoka huko, zikae karakanani wiki kadhaa kabla ya kuguswa na randa.

KULWA: Twende kwenye mkurungu, maana Kigoma na Urambo wanauliza sana. Ni ndugu wa mninga, ila mwekundu zaidi na mzito zaidi. Samani yake ni nzuri sana. Lakini unachosha meno ya msumeno, na msumari usipotobolewa njia kwanza unapinda.

ZUHURA: Na mkurungu una sheria zake. Ulivunwa sana kwa ajili ya soko la nje, ukaingizwa mwaka 2019 kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Panama, jamii yote ya mninga ya Afrika pamoja na mkongo vikafuata. Hiyo inahusu kuvusha mpaka. Ndani ya nchi, anayesafirisha anahitaji hati ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, nawe mnunuzi dai risiti, kwa sababu mbao zisizo na karatasi zikikamatwa njiani hasara ni yako.

KULWA: Na tuutendee haki mti wenyewe. Mche wa mninga porini hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mzizini, miaka mingi hivyohivyo, mpaka mzizi uwe na nguvu ya kusimamisha shina. Kisha unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Kuutumia kwenye kenchi ambayo hakuna atakayeiona, mimi naumia.

ZUHURA: Basi kenchi tuweke nini?

KULWA: Paini iliyotiwa dawa, ile inayotoka Mufindi. Nyepesi, imenyooka, inashika msumari bila kupasuka. Udhaifu wake ni kwamba bila dawa mchwa wanaimaliza. Dawa ya kijani ile ni ya shaba, kromiamu na arseniki, inasukumwa ndani kwa mashine ya mgandamizo. Kupaka oili chafu kwa brashi si sawa na hiyo, inabaki juu tu.

ZUHURA: Kasoro naiona saiti: fundi anakata ubao uliotiwa dawa, ncha mpya inabaki wazi, na ncha hiyohiyo ndiyo inakaa juu ya ukuta. Kila ulipokata, paka dawa tena mara mbili. Kenchi weka kila futi 4 kwa bati la kawaida, na papi, yaani mbao za kupigilia bati, za inchi 2 kwa 2 kila futi 2 na nusu hadi 3. Ubao wa kenchi wenye macho makubwa, yaani alama za matawi, ukatae, hasa jicho likiwa ukingoni, kwa sababu ndipo utakapovunjikia.

KULWA: Mkaratusi uache kwenye nguzo. Ukipasuliwa mbao unajikunja na kupasuka ncha. Nguzo ya duara iliyotiwa dawa ni imara, lakini usiichonge iwe mraba: dawa imeingia kwenye ule ukanda wa nje tu, kiini hakipokei. Ukichonga umeitupa dawa.

ZUHURA: Mkongo?

KULWA: Mlango wa nje na vizingiti, pale mvua na jua vinapopiga. Mvule vilevile ni mzuri nje, ila ndani yake kuna mawe, kweli kabisa, chokaa iliyoganda ndani ya mti, inavunja meno ya msumeno. Mtiki mchanga una weupe mwingi, chunguza kama mninga. Mpingo ni wa kuchonga, achana nao kwenye ujenzi.

ZUHURA: Turudi kwenye fremu, nipige hesabu. Mlango wa futi 7 kwa 3 unahitaji miguu miwili ya futi 7 na kichwa cha futi 3. Mbao ni futi 12, kwa hiyo kila ubao unatoa mguu mmoja na kinabaki kipande cha futi 5. Milango mitatu ni mbao 6. Vipande vitatu kati ya vile 6 vinatoa vichwa, vitatu vinabaki vizima vya futi 5. Hivyo ni miguu ya dirisha la futi 4. Anayekuandikia mbao 8 kwa milango mitatu mwulize mbili zinakwenda wapi.

KULWA: Fremu kabla ya kusimamishwa ipakwe rangi ya awali upande utakaogusa ukuta. Vyuma vya kushikia viwe vitatu kila upande. Na miguu isizame kwenye udongo, ikae juu ya zege.

ZUHURA: Sehemu ya juu ya meza je, kuifunga kwenye fremu yake?

KULWA: Usiigundishe. Skrubu zipite kwenye matundu marefu, yaani tundu lenye nafasi ya skrubu kusogea. Ukiigandisha, ikipungua itapasuka katikati hata iwe mninga. Miguu na mbao za kuunganisha ziungwe kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja ichongwe iingie kwenye tundu la mwingine, ulimi uwe theluthi ya unene wa ubao: ubao wa inchi na nusu, ulimi nusu inchi. Ulimi mnene unadhoofisha kuta za tundu, mwembamba unakatika wenyewe.

ZUHURA: Kuna swali limekuja: mabaki ya paini ya kijani yanafaa kupikia?

KULWA: Hapana, dada. Arseniki iliyomo inatoka na moshi, na majivu yake yana sumu. Wala yasiwe matandiko ya kuku. Chimba shimo mbali na kisima uyafukie. Na unapokata mbao hizo vaa barakoa. Hata vumbi la mninga linawasha pua na kifua, ukipiga msasa karakana iwe wazi pande mbili.