Tukutuku: Ulimi wa Mpiga Tarumbeta

NEEMA: Karibuni wasikilizaji katika kipindi chetu cha ala za kupuliza. Leo tunaingia kinywani mwa mpiga tarumbeta, mahali ambapo mwalimu haoni na mwanafunzi hubahatisha. Kaka Salim, mimi nilianza tarumbeta katika bendi ya kanisa, na maelekezo yote niliyopewa kuhusu ulimi yalikuwa maneno mawili: "Sema tu." Nilikaa muda mrefu bila kujua kama nilitakiwa kutamka silabi "tu" au niseme tu, chochote kile.

SALIM: Hata ungeelewa, Dada Neema, maelekezo hayo yana upungufu, kwa sababu yanamfanya mwanafunzi aamini kwamba ulimi ndio unaotoa sauti. Sauti hutokana na pumzi inayotetemesha midomo. Ulimi ni mlango wake. Pumzi hujikusanya nyuma ya ulimi, na noti huanza pale ulimi unaporudi nyuma na kuiachia, si pale unapogonga. Anayerusha ulimi mbele kama nyundo hupata noti yenye kishindo mwanzoni na unyonge baadaye, kisha huambiwa kwamba midomo yake ni dhaifu, ilhali midomo haina kosa lolote.

NEEMA: Mlango huo hufungiwa wapi hasa?

SALIM: Kwa wapigaji wengi, ncha ya ulimi hugusa pale meno ya juu yanapokutana na ufizi, au juu yake kidogo. Sisi wa Mombasa tuna bahati katika jambo hili, kwa kuwa Kimvita kina t mbili. Tunaposema "mato", yaani macho, ulimi hugusa meno; tunaposema "moto", hupanda hadi kwenye ufizi. Mwanafunzi wa kwetu simchorei picha ya kinywa: namwambia apulize kwa t ya mato, kisha kwa t ya moto, asikilize mwenyewe. Mimi hupendelea ile ya moto, kwa sababu ncha hugusa eneo dogo na noti huanza ikiwa safi, lakini simlazimishi mtu, maana urefu wa ulimi na mpangilio wa meno haulingani baina ya watu.

NEEMA: Wapo pia wanaoiweka ncha chini kabisa.

SALIM: Wapo, tena si watu wadogo. Herbert L. Clarke, aliyezaliwa mwaka 1867 na kupata umaarufu kwa kupiga korneti, ala ndugu ya tarumbeta, mbele ya bendi ya John Philip Sousa nchini Marekani, alieleza kwamba ncha ya ulimi wake hutulia nyuma ya meno ya chini, na sehemu ya katikati ya ulimi ndiyo inayopanda na kugusa juu. Ulimi wa namna hiyo hausafiri mbali. Hata hivyo, njia hiyo humchanganya anayeanza, na mimi ningemwacha kwanza aizoee t anayoitumia kila siku katika mazungumzo.

NEEMA: Basi tuje kwenye kasi, ambako mimi ndiko niliko­kwama.

SALIM: Tufanye hesabu. Noti 4 katika kila pigo, kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, ni noti 8 kwa sekunde. Karibu na hapo wapigaji wengi wanaotumia t peke yake huanza kuelemewa, kwa kuwa ncha ileile inapaswa kwenda na kurudi kwa kila noti. Ndipo tunapoajiri mfanyakazi wa pili, yaani sehemu ya nyuma ya ulimi, ambayo huifunga pumzi kwenye kaakaa kwa sauti ya k. Ncha ikishuka, nyuma hupanda, na tunapata tu-ku-tu-ku.

NEEMA: Tukutuku! Si ndilo jina ambalo wazee waliipa pikipiki?

SALIM: Ndilo, na ni neno zuri la mazoezi, ingawa lina mtego ambao sijaona ukielezwa vya kutosha. Silabi hizo zimetufikia kwa sehemu kubwa kupitia kitabu cha mafunzo cha Jean-Baptiste Arban, aliyefundisha katika chuo cha muziki cha Konsevatwari ya Paris, ambacho kilitoka mwaka 1864 na bado kimo katika mikoba ya wanafunzi wa tarumbeta duniani kote. Arban alikuwa Mfaransa, na u ya Kifaransa si u yetu: midomo huviringana, lakini ulimi hubaki mbele na juu kama mtu anayetamka i. Sisi tukimsoma kwa u ya Kiswahili, ulimi huvutwa nyuma, k hushuka karibu na koo, na noti ya pili hutoka ikiwa nzito na imechelewa. Hebu tamka "kuku", kisha "kiki", polepole.

NEEMA: Kuku... kiki. Kumbe! Ya pili imesogea mbele kabisa.

SALIM: Hiyo ndiyo k tunayoitafuta. Kadiri inavyokaribia t, ndivyo ulimi unavyofanya safari fupi, na ndivyo noti mbili zinavyofanana. Kwa hiyo mimi husema ti-ki kwenye noti za kati na za juu. Nikishuka chini, ambako kinywa kinahitaji nafasi, hutumia ta-ka. Wimbo ukiwa laini, nalainisha silabi zote mbili ziwe du-gu, kama unavyosema "ndugu".

NEEMA: Na noti zikija tatu tatu?

SALIM: Arban anafundisha tu-tu-ku. Wengine hupenda tu-ku-tu, na kwetu hii hukaririwa kwa urahisi: ni mtoto mtukutu. Mpangilio huohuo wa tu-ku-tu huwafaa wapigaji katika muziki unaoiga mbio za farasi mwishoni mwa utangulizi wa opera ya mtunzi Rossini kuhusu Wilhelm Tell, ya mwaka 1829, ingawa pale noti ni mbili fupi na moja ndefu. Njia zote mbili zina t mbili zinazofuatana. Tofauti ni kwamba tu-tu-ku huziweka ndani ya kundi, na tu-ku-tu huziweka mpakani mwa makundi. Chagua moja, lakini usichague kabla k yako haijapata nguvu.

NEEMA: Mimi nilianza na kasi, nikitumaini kwamba k itajirekebisha njiani.

SALIM: Haijirekebishi. Mwendo wa haraka huificha tu. Dawa yake ni kupiga k peke yake, bila t hata moja, kwenye noti ya sol ya katikati, metronomu, yaani kifaa cha kuhesabia mwendo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika. Kwanza puliza noti moja ndefu, kisha acha ulimi uikate pumzi hiyohiyo bila tumbo kusita. Majirani watalalamika, maana haipendezi masikioni.

NEEMA: Tarumbeta lako liko hapo. Tusikie.

[Sauti ya tarumbeta: noti moja ndefu, kisha k tatu.]

NEEMA: Ya tatu imetoka hewa tupu, Kaka.

SALIM: Nimeisikia. Ngoja nirudie.

[Sauti ya tarumbeta.]