Simu za intaneti kwenye OpenBSD: maiki kwanza, programu baadaye

Haya wadau, mambo vipi! Tuko dukani Kariakoo, hizo kelele za nyuma ni watu wa mikokoteni, zivumilieni tu. Video ya leo ni ya wale walionunua laptopu iliyotumika, wakaipiga OpenBSD, yaani mfumo huria wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, halafu wakakuta hakuna kampuni inayowajali kwenye suala la kupiga simu. Skype yenyewe Microsoft waliifunga Mei 2025, na mfumo huu wenye nembo ya samaki bunju haukuwa kwenye hesabu zao.

Dawa yake ni programu huria. Msimbo uko wazi, kwa hiyo watu wa OpenBSD wanauchukua na kuujenga wenyewe, hawamsubiri mtu. Lakini kabla hujachagua chochote, njoo kwanza kwenye maiki.

Terminali unajua kuifungua, naruka. Andika `sysctl kern.audio.record`. Unaona hapo mwisho? Sifuri. Maana yake kurekodi sauti kumezimwa. OpenBSD inakuja hivyo kwa makusudi, kwa ajili ya usalama, na mimi naunga mkono. Shida ni kwamba haikuambii kitu. Programu itafunguka vizuri, simu itaita, mwenzako atapokea, wewe utamsikia, yeye atasikia kimya. Watu wananiletea mashine hapa niwabadilishie maiki, na maiki ni nzima kabisa!

Andika hivi: `doas sysctl kern.audio.record=1`. Hiyo `doas` ni kuomba ruhusa ya msimamizi wa mashine. Bado hujamaliza. Ukizima mashine, sifuri inarudi. Fungua faili la `/etc/sysctl.conf`, weka mstari `kern.audio.record=1`, hifadhi. Faili hilo, usilisahau. Kesho ukiwasha ukakuta kimya, usinipigie mimi, angalia kwanza faili hilo.

Sasa tujaribu. `aucat -o jaribu.wav`, Enter, ongea. "Moja mbili, moja mbili, mwenye bajaji toa gari mlangoni." Ctrl na C. Halafu `aucat -i jaribu.wav`. Mmesikia? Safi. Na usidanganyike na ukubwa wa faili. Maiki ikiwa imezimwa, faili linajaa vilevile, ila limejaa kimya. Sikiliza kwa masikio yako.

Kama unatumia hedifoni za USB, na mimi nakushauri hivyo, maana spika za laptopu za zamani zinarudisha mwangwi hadi mwenzako anakata, andika `doas rcctl set sndiod flags -f rsnd/0 -F rsnd/1`, kisha `doas rcctl restart sndiod`, kuiwasha upya huduma ya sauti. Zikiwa zimechomekwa sauti inapita kwenye hedifoni, ukichomoa inarudi kwenye laptopu. Hizi nilizovaa zipo dukani, tutaongea bei.

Karibu mama! Chaja ya pini nyembamba? Ipo, nakuja sasa hivi. Samahani wadau.

Tuchague programu. Swali langu la kwanza siku zote: inaongea SIP? SIP ndiyo lugha ya wazi ya simu za intaneti, maelezo yake yaliwekwa hadharani mwaka 2002 kwenye waraka wa RFC 3261. Programu inayoongea SIP itampigia mtu aliye kwenye programu nyingine kabisa, kama wewe ulivyo na laini ya mtandao huu ukampigia wa mtandao ule. Mumble ni nzuri, sauti yake safi, ila haiongei SIP, na lazima uwe na seva yake. Inafaa kundi la wacheza gemu. Ekiga nawasikia wazee wakiisifu. Iache ipumzike, toleo lake la mwisho ni la 2013. Linphone ya Wafaransa ipo tangu 2001, ina madirisha na vitufe, na kwenye simu ya Android ndiyo naitumia. Na kama shida yako ni kikao cha haraka tu, fungua Jitsi Meet kwenye kivinjari, yaishe.

Ila kwenye laptopu hii ya ramu kidogo mimi nachukua baresip. Haina sura, ni maandishi matupu, na inajua kuongea moja kwa moja na sndio, mfumo wa sauti wa OpenBSD wenyewe. `doas pkg_add baresip`. Imeingia.

Iwashe mara moja kwa kuandika `baresip`, kisha itoke kwa herufi q. Imejitengenezea folda `.baresip`. Fungua faili la `config`. Tafuta mstari wa `module sndio.so`, ondoa alama ya reli (`#`) mbele yake. Kisha `audio_player`, `audio_source` na `audio_alert`, zote ziandikwe `sndio,default`. Zote tatu! Ukiacha `audio_source` tumerudi kulekule kwenye kimya.

Faili la `accounts` sasa. Mimi nimejisajili bure kwenye huduma ya Linphone, kwa hiyo naandika: `<sip:jina@sip.linphone.org;transport=tls>;auth_pass=nenolasiri;medianat=ice`. Angalia vile vialama vya mshale: `transport` inakaa ndani, neno la siri nje. Hiyo `ice` inahitajika kwa sababu mitandao ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na sauti ikija inapotea njia.

Washa tena... Eh. Imegoma kusajili. Ngoja, msikate video. Neno la siri ni sahihi... Aa, nimeiona. Andika `date`. Mnaona mwaka huo? Betri ndogo ya ndani ya laptopu imekufa, mashine inaamini tuko miaka ya nyuma, kwa hiyo cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha usalama, inakiona hakijaanza kutumika. `doas rdate pool.ntp.org`. Tarehe imekaa. Washa baresip... 200 OK, yaani imesajiliwa. Hiyo ndiyo tunayoitaka.

Bonyeza d, andika anwani ya SIP ya akaunti iliyo kwenye simu yako, Enter. Inaita! Kupokea ni a, kukata ni b.

Kuhusu bando: kodeki, yaani njia ya kufungasha sauti, ile ya zamani ya G.711 inakula kama MB 1.2 kwa dakika ukijumlisha kwenda na kurudi. Washa moduli ya `opus.so` kwenye `config`. Opus ikiwa kwenye kilobiti 24 kwa sekunde inakula karibu nusu ya hapo. Na usijaribu kupiga namba ya kawaida ya simu kwa akaunti hii ya bure, haitoki. Hapo unahitaji mtoa huduma wa kulipia.

Mama, nimekuja. Chaja elfu kumi na tano, na nitakujaribishia kabla hujaondoka.