Mguu wa Mzazi Tusiuite Baridi

Ndugu zangu, nililisema hili Vwawa, nikalisema Makambako, na leo hapa Mbeya nalirudia: miili haiyeyushi donge la damu kwa kasi moja.

Kuganda mnakujua. Mimi nasemea kazi inayofuata. Donge likishaziba jeraha, kimeng'enya kiitwacho plasmini hulivunja, na breki ya kazi hiyo ni protini iitwayo PAI-1. Breki ikikaza, donge linakaa.

Sasa wifi yangu. Tukuyu, masika, ana miaka 26, siku ya tisa tangu ajifungue. Yuko chumba cha ndani, mablanketi mawili, uji wa ulezi analetewa kitandani. Mguu wa kushoto ukaanza kuvuta. Mama yangu akasema baridi imemwingia, akaukanda kwa maji ya moto. Zahanati wakampa dawa ya maumivu, basi. Nilipofika siku ya kumi na moja nilizungusha upindo wa kanga kwenye shavu la mguu wa kushoto, nikafunga fundo. Nikauvua, nikauvisha mguu wa kulia: vidole vyangu vitatu vikapita kwa nafasi. Usiku uleule tukaenda hospitali, na ultrasaundi ikaonyesha donge pajani. Alipona. Lakini zile siku mbili bado zinaniuma.

Mtaniambia, donge ni la wazee, na mwanamke ambaye hedhi haijakoma kwa wastani ana PAI-1 ndogo kuliko mwanamume wa rika lake. Kweli kabisa. Ila mimba inageuza hesabu! PAI-1 inapanda, na kondo la nyuma linaongeza breki ya pili, PAI-2, ili mama asimalize damu wakati wa kujifungua. Kondo likitoka, hatari haitoki nalo. Iko juu hasa wiki sita za mwanzo. Si ndiyo arobaini yenyewe tunayomlaza? Sipigani na bibi zetu. Apikiwe, afunikwe, lakini ainuke, atembee hadi uani, anywe maji. Na mguu uliovimba upande mmoja usikandwe, aletwe. Wakunga, ninyi dawa ya asidi ya traneksamiki mnaijua: inaizuilia plasmini kazi, ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, kwa mama anayevuja damu. Hiyo ni habari nyingine, tuiache.

Naona mnanionyesha saa, na wazee sijawagusa. Haraka basi. Hedhi ikikoma, PAI-1 ya mwanamke inapanda, ile nafuu inakwisha. Kitambi nacho kinaipandisha, kwa wote. Kipimo cha D-dimeri, yaani vipande vya donge lililovunjwa vinavyobaki kwenye damu, pia hupanda na umri: pale kikomo kilipo 500, mgonjwa aliyepita miaka 50 na asiye na dalili nzito, zidisha umri mara 10. Mzee wa miaka 78 kikomo chake 780; msimtishe kwa 600. Kwa mjamzito namba hupanda yenyewe, kwa hiyo andikeni umri, jinsia na ujauzito kwenye fomu ya maabara. Mnaziacha wazi kila siku, kwa nini?

Dada wa mbele, niazime kanga yako. Njooni wawili wawili tupimane mashavu ya miguu.