Upasuaji Saa Moja, Kidonda Miezi

HALIMA: Dada Rehema, wengi wanatuuliza operesheni ya kurekebisha ukeketaji inafanywaje. Wewe umesema leo hukai hapo.

REHEMA: Sikai, maana chumba cha upasuaji ndiyo safari fupi. Sehemu kubwa ya kinembe imo ndani ya mwili. Ngariba hukata kile cha nje. Kwa njia iliyoenezwa na daktari Pierre Foldès wa Ufaransa, kovu linaondolewa, kano inayokizuia kinembe inaachiwa, kisha kinavutwa mbele na kushonewa mahali pake. Lakini ile ncha mpya haina ngozi.

HALIMA: Iko wazi hivyo hivyo?

REHEMA: Wazi. Utando wa kuifunika huchukua wiki nyingi kuota, wengine miezi miwili, mitatu. Chupi ikigusa, balaa. Mkojo unachoma. Kukaa tu ni kazi.

HALIMA: Halafu anapewa Panadol, anaambiwa avumilie.

REHEMA: Usinitie hasira! Uchungu huo si wa kidonda peke yake. Mtu alikeketwa mdogo, leo anaumia palepale, mwili unakumbuka. Wapo wanaoshtuka usingizini kana kwamba wameshikwa tena. Kwa hiyo mpango wa maumivu unapangwa kabla ya kisu: ganzi ya mshipa wa fahamu wakati wa operesheni, dawa za kumeza kwa saa zake bila kungoja alie, na mshauri nasaha aliyeanza naye mapema, tena aendelee naye. Wapo ambao wakishaonyeshwa maumbile yao na kueleweshwa, wanasema operesheni hawaitaki tena. Sawa kabisa.

HALIMA: Na hicho kidonda chenyewe, hakiwezi kufunikwa?

REHEMA: Wanajaribu. Wako madaktari wanaokifunika kwa kipande cha utando kutoka ukeni. Kule Geneva, daktari Jasmine Abdulcadir na wenzake wametumia damu ya mgonjwa mwenyewe: inazungushwa kwa kasi kwenye mashine, ile sehemu yenye chembe za kugandisha damu inawekwa kwenye kidonda ili kipone upesi na uchungu upungue. Ila waliotibiwa kwa njia hiyo ni wachache mno. Vigelegele bado.

HALIMA: Lakini Foldès si ana maelfu?

REHEMA: Anao. Ripoti yake ya mwaka 2012 ina wanawake 2,938. Waliorudi kupimwa baada ya mwaka mmoja? 866. Wengi wa hao walisema wana nafuu, au angalau hawakuzidiwa. Nawaamini. Lakini hao zaidi ya 2,000 wako wapi? Aliyepona amerudi kazini, na aliyeumia huenda amekata tamaa. Kwenye daftari wote ni nafasi tupu. Hata Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016, lilisema ushahidi haujatosha kuipendekeza operesheni hii.

HALIMA: Kwa hiyo anayefikiria kwenda aulize nini?

REHEMA: Nani atanipokea wiki ya pili nikiwa na uchungu? Nani atanipigia nisipofika? Nikitokwa na usaha au homa usiku, naenda wapi? Daktari akijibu kuhusu kisu tu, mtafute mwingine.

HALIMA: Na mume nyumbani?

REHEMA: Aje naye kliniki, asikie kwa masikio yake kwamba hakuna tendo la ndoa mpaka kidonda kifunge na daktari aruhusu. Na asiulize kila Ijumaa.

HALIMA: (anacheka) Kina baba, mmesikia.