Sogeza Taa Kabla Hujanunua Nyingine

Swali la kwanza, Arusha hata Moshi, ni lile lile: "Mwalimu, ninunue taa ya kupigia picha ya wati ngapi?" Jamani, wati baadaye! Tazameni kwanza ukubwa wa taa na umbali wake kutoka kwa mtu.

Washeni hii ndogo, mita 2 kutoka kwa dada aliyekaa hapa. Mnaona kivuli cha pua kilivyokata shavu, na paji la uso linavyong'aa? Sasa tundikeni shuka jeupe katikati. Subirini, msishangilie bado. Mwanga umechora duara dogo kwenye shuka, kwa hiyo taa yenu ni hilo duara tu, shuka lililobaki halina kazi. Rudisheni taa nyuma mpaka shuka lote lijae mwanga, kisha shuka lenyewe lileteni karibu na dada, karibu kabisa ila lisiingie kwenye picha. Ukingo wa kivuli umelainika. Na liwe jeupe kweli. Shuka la maua linapaka uso rangi.

Mtasema shuka linakula mwanga. Linakula, ndiyo maana tunasogeza. Taa ndogo ikitoka mita 2 ikaja mita 1, mwanga unaomfikia mtu unakuwa mara 4. Papo hapo ukuta ulio mita 4 kutoka kwenye taa unapata 1/16 tu ya anachopata yeye. Mnaotaka nyuma kuwe na giza, mtoeni mtu ukutani, basi.

"Lakini ngozi nyeusi inataka taa kali." Hapana, na hili linaniudhi. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao. Taa ndogo inaiachia madoa yanayong'aa. Shuka lililowekwa ubavuni linatoa mng'ao mpana unaofuata shavu. Uso ukitoka giza mbele ya ukuta mweupe, kamera imepima mwanga wa ukuta. Pimeni uso!

Nje, haraka haraka: katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana huku liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Mpelekeni mtu ukingoni mwa baraza, atazame nje. Migombani uso unachukua ukijani, mwondoeni.

Rangi za taa tunaziacha, muda umekwisha. Moja tu la video: umeme wetu ni hezi 50 na taa zake huweza kuchora mistari inayotembea kwenye picha, basi spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100. Mistari ikiendelea kutembea, ni balbu yenyewe inayopepesa, ibadilisheni.