Samaki Mkavu Naye Hukunjika

Asante, mwenyekiti, na asanteni nyote mliokuja. Naona kuna wanafunzi, kuna wazazi waliopakata watoto, na kuna wazee waliowahi viti vya mbele ili wasikie vizuri. Nyote leo nitawagusa, kwa hiyo asisinzie mtu.

Tuanze na jaribio. Kila mmoja ana karatasi ya ratiba aliyopewa mlangoni. Ishikeni mbele ya uso, kisha isogezeni polepole kuelekea puani mpaka herufi zianze kuvurugika. Haya, sasa tazameni majirani zenu. Kijana pale nyuma karatasi inakaribia kumgusa pua, na bado anasoma. Mzee wangu hapa mbele umenyoosha mkono wote na ungetamani uwe mrefu zaidi! Msimcheke. Mimi mwenyewe bila miwani hii nisingejua ratiba inanitaka nimalize saa ngapi.

Ukimuuliza mzee macho yalianza lini kumsumbua, atakwambia alipofika arobaini na kitu. Hapo ndipo alipogundua tu. Lenzi ya jicho, inayojibadili umbo ili tuone vya karibu, huanza kukakamaa tangu utotoni. Mtoto wa miaka 10 anaweza kusoma kitu kilicho umbali wa sentimita 7 au 8 kutoka jichoni. Umbali huo unaongezeka kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, naye hana habari, kwani nani anasoma huku kitabu kimebandikwa puani? Kwenye miaka 45 hivi unapita pale mkono unaposhikia kitabu, ndipo tunasema uzee umebisha hodi. Kumbe ulikuwa ndani siku zote.

Nimeanza na macho kwa sababu wengi tunayachukulia maisha kama mlima: unapanda mpaka miaka thelathini hivi, unapumzika kileleni, halafu mteremko. Mimi siuamini mlima huo. Kupata na kupoteza huenda pamoja tangu siku ya kwanza.

Chukueni mtoto mchanga, ambaye tunadhani yeye ni kupata tu. Katika miaka ya 1980 mtafiti Janet Werker, huko Kanada, aliwapima watoto wanaolelewa katika Kiingereza. Mtoto anapakatwa, spika inarudia sauti moja, ile ile, ile ile, kisha inabadilika. Akiitambua tofauti anageuza kichwa, na kidoli kinachotikisika kinamtokea kama tuzo. Sauti zenyewe zilikuwa mbili za Kihindi, zinazofanana na "t", ambazo mtu mzima mwenye Kiingereza huzisikia kama moja. Watoto wa miezi 6 hadi 8 waligeuza vichwa bila shida. Wa miezi 10 hadi 12, wengi wao walikaa wakitazama mbele tu. Spika ilibadilisha sauti, wao kimya.

Yaani kabla hajatimiza mwaka, binadamu ameshapoteza kipaji ambacho mtu mzima anayehangaika na lugha ngeni angekilipia kwa furaha. Lakini sioni haja ya kumwonea huruma. Sikio lake limeacha kuhangaika na sauti zisizo na kazi nyumbani kwake, sasa linachimba lugha ya mama yake, na karibu na mwaka mmoja neno la kwanza linatoka.

Sasa mteremko. Kwa muda mrefu watafiti walikuwa wakiwapima vijana wa miaka 20 na wazee wa miaka 70 katika kipindi kimoja, wanaona vijana wameshinda, wanahitimisha kwamba akili hunyauka. Kosa liko wapi? Mzee yule hakuwahi kuwa kijana huyu. Alizaliwa zama nyingine, mara nyingi akasoma miaka michache zaidi, akakulia katika maradhi ambayo mwenzake hayajui. Huo ni ulinganisho wa zama, wenyewe wanauita ulinganisho wa umri.

Mwanasaikolojia K. Warner Schaie alianza utafiti mwingine huko Seattle, Marekani, mwaka 1956: aliwarudia watu wale wale kila baada ya miaka saba. Picha ikabadilika. Wepesi wa kutambua na kujibu hupungua mapema, tangu ujana, hilo tukubali. Ila msamiati na uelewa wa maneno huendelea kujengeka kwa miongo mingi, na uwezo mwingi hauonyeshi kushuka kwa maana kabla ya miaka ya sitini.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nauheshimu usemi huo anapoutumia mlezi. Ninachokikataa ni mtu mzima kuufanya kichaka cha kujifichia: "Mimi nimeshakauka, niacheni nilivyo." Mwaka 2013 wanasaikolojia Quoidbach, Gilbert na Wilson walichapisha matokeo ya watu zaidi ya 19,000, wa miaka 18 hadi 68. Katika kila rika, watu walisema wamebadilika sana kwa miaka kumi iliyopita, na kwamba kumi ijayo watabadilika kidogo tu. Wa miaka 28 walitabiri mabadiliko madogo kuliko yale ambayo wa miaka 38 walisema wameyapitia. Sote tunajiona tumefika.

Basi samaki mkavu hukunjwaje? Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Paul Baltes, alipenda mfano wa mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyeendelea kupiga jukwaani hata alipopita miaka 80. Vidole havikuwa vya zamani. Akapunguza idadi ya vipande anavyopiga, akavifanyia mazoezi hivyo vichache zaidi kuliko zamani. Na palipokuwa na sehemu ya kwenda mbio, alipunguza mwendo kidogo kabla ya kuifikia, ili ikija, masikio ya wasikilizaji yaisikie kuwa ya kasi. Kijana asingehitaji hila hiyo, wala sidhani angeibuni.

Ratiba inasema sasa ni maswali. Mzee wangu, naona umeshaazima miwani ya jirani. Karibu, anza wewe.