Kadi za Mwaliko wa Harusi kwa Mkono Wako: Kuanzia Bahasha Hadi Jina la Mgeni

Karibuni, watazamaji wapendwa. Leo tunatengeneza kadi 150 za mwaliko wa harusi, zile za kukunjwa, kwa karatasi, rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi na printa ya kawaida ya nyumbani. Kadi za mchango sitazigusa, kwa sababu siku hizi nyingi hutumwa kwa WhatsApp na kazi yake huisha pale mhazini anapopokea fedha, ilhali kadi ya mwaliko ndiyo mgeni anayoishika mkononi mlangoni mwa ukumbi. Mimi ninauza karatasi na bahasha, basi mjue mapema kwamba nina masilahi katika jambo hili. Hata hivyo, mkinunua kwingine vipimo ni hivi hivi.

Tunaanza na bahasha, kabla ya kuchagua rangi na kabla ya kufungua kompyuta. Hii niliyoishika ni bahasha ya C6, yenye milimita 114 kwa 162, nayo hupokea kadi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, ikabaki nafasi ya utepe. Anayesanifu kwanza kadi ya mraba kwa kuwa ameiona inapendeza mtandaoni, kisha akaanza kuzunguka Kariakoo kutafuta bahasha ya mraba wiki mbili kabla ya shughuli, huishia kuzikunja bahasha hizo mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Sasa karatasi. Chukueni yenye uzito wa gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba, na msome kwanza kikomo cha printa yenu, maana printa nyingi za nyumbani hukwama zikilishwa karatasi nzito kuliko hiyo. Hapa nina vipande viwili: huu wa kushoto ni wa kung'aa, na huu wa kulia haung'ai. Naomba mnivumilie nisogeze taa, kwa sababu mwanga unarudi kwenye kamera na tofauti haionekani. Sasa tazameni. Naandika jina kwa kalamu ile ile kwenye vipande vyote viwili, nahesabu hadi kumi, napitisha kidole: kwenye kipande kinachong'aa wino umetapakaa mpaka ukingoni, na kwenye kile kingine haujasogea. Kadi zetu huandikwa jina la mgeni kwa mkono, kwa hiyo mimi sinunui karatasi ya kung'aa kwa kazi hii, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Karatasi moja ya A4 hukatwa katikati ikatoa kadi mbili, kila nusu ikikunjwa kuwa A6, kwa hiyo kadi 150 zinahitaji karatasi 75. Ongezeni nane za kuharibika, kwani zitaharibika tu.

Maneno ya ndani yanajulikana, nami sitayachelewesha. Kwa kawaida familia ya bibi harusi ndiyo inayoalika kwenye sendoff, yaani sherehe ya kumuaga binti, na familia ya bwana harusi ndiyo inayoalika kwenye sherehe ya harusi, basi majina ya wazazi wanaoalika yatangulie, ufuate mstari wa nukta kwa ajili ya jina la mgeni, kisha majina ya maharusi, siku, ukumbi, saa, na namba za simu za majibu. Kwenye kona ya chini iandikwe kama kadi ni ya singo (mtu mmoja) au ya dabo (watu wawili), na nyuma ziwekwe namba kwa mfuatano zinazolingana na daftari la kamati, ili kadi iliyodurufiwa itambulike mlangoni. Fungueni kalenda mhakikishe siku inakubaliana na tarehe: 12 Desemba 2026, kwa mfano, ni Jumamosi, na kadi inayosema Ijumaa itawagawa wageni mafungu mawili. Saa nayo iandikwe kwa namna yetu na kwa ukamilifu, "saa 1:00 usiku", wala isiachwe "7:00" peke yake, hasa ikiwa kuna ndugu wanaotoka ng'ambo. Wanaotaka msimbo wa QR wauchapishe kwa wino mweusi juu ya eneo jeupe, usipungue sentimita mbili kila upande; msimbo wa dhahabu juu ya rangi ya maziwa hupendeza, ila simu ya mlinzi haitausoma.

Kuhusu mwandiko, ule wa kupindapinda uwe wa majina ya maharusi peke yake, na maelezo mengine yawe katika herufi za wazi zisizopungua pointi 10, kwa kuwa babu atasoma bila miwani. Acheni milimita tano tupu kila ukingo, kwani printa nyingi za nyumbani hazifiki mwisho wa karatasi. Chapisheni moja, mpeni mtu mwingine aisome kwa sauti, kisha ndipo mchapishe zote.

Kata karatasi katikati upate vipande viwili vya A5. Rula ya chuma, kisu kikali, mipito mitatu myepesi badala ya mmoja wa nguvu. Hilo halina maajabu.

Hapa sasa ndipo nawaomba mtulie, kwa sababu nimeletewa mabunda ya kadi nzuri zilizoharibikia hatua hii, na hakuna namna ya kuziokoa. Karatasi nzito haikunjwi kwa vidole tu. Huchorwa kwanza mfuo, yaani mstari uliokandamizwa bila kukata, kisha ndipo hukunjwa. Chombo changu ni kalamu ya bolpeni iliyokwisha wino. Ijaribuni kwanza kwenye karatasi ya taka, kwani bolpeni inayodhaniwa imekwisha wino mara nyingi hubakiza tone la mwisho kwa ajili ya kadi ya mama mkwe.

Pimeni milimita 105 kutoka ukingo mfupi wa kipande cha A5, wekeni alama ndogo juu na chini, lazeni rula, mpitishe kalamu mara mbili kwa mkazo wa wastani. Mfuo huu tunauchora upande wa mbele wa kadi, upande utakaokuwa nje. Nageuza karatasi: mnaona upande wa pili kumeinuka tuta dogo? Tuta hilo ndilo linalobaki ndani ya mkunjo. Najua mkono utataka kukunja kuelekea kwenye mfuo, kwa sababu unaonekana kama njia iliyokwisha kulimwa, lakini ukifanya hivyo nyuzi za nje zinavutwa kupita kiasi na karatasi inapasuka ngozi. Narudia: mfuo nje, tuta ndani. Ngoja nisogeze kamera karibu. Hii ya kwanza imekunjwa vibaya, nanyi mnaona weupe wenye manyoya uliojitokeza kwenye mgongo. Hii ya pili imekunjwa sawasawa, na mgongo wake ni laini. Mfuo nje, tuta ndani.

Jambo la pili ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake hukimbia kwa urefu, na ndiyo sababu ninapenda kadi ya A6: tukiisha kukata A4 katikati, mkunjo wetu unakwenda sambamba na nyuzi, ilhali anayekunja A4 nzima kuwa A5 anazikata nyuzi kwa mapana na anajitafutia taabu. Kuhakikisha, pindeni karatasi kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa ulaini ndio unaokwenda na nyuzi.

Samahani, feni imepeperusha zile zilizochapishwa. Nimeizima, tuendelee na jasho letu.

Neno la tatu kuhusu mkunjo ni rangi. Printa ya leza huweka wino wa unga juu ya karatasi, nao humeguka pale karatasi inapokunjwa, basi msipitishe rangi nzito ya bluu au nyekundu kwenye mgongo wa kadi. Ya wino wa maji haimeguki, ila nyingi huchuja zikiguswa na mkono wenye unyevu, na kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam hilo ni jambo la kila siku. Ziacheni kadi zikauke usiku mzima kabla ya kuzipanga.

Mkiisha kukunja, na bila shaka tuta limebaki ndani, zilazeni chini ya vitabu vizito hadi asubuhi. Utepe ni hiari. Mimi hupenda mwembamba wa milimita sita, unaobanwa ndani kwa gundi ya karatasi yenye pande mbili, kwa kuwa gundi ya maji hukunjakunja kadi.

Majina yaandikwe na mtu mmoja, kwa mwandiko mmoja, kutoka kwenye orodha iliyopitishwa na kamati, na vyeo viulizwe mapema: Mchungaji, Alhaji, Mhandisi, Daktari. Anayepewa kadi ya dabo aandikwe "Bwana na Bibi", siyo jina la mume peke yake.

Bahasha zenye gundi ya kulowesha msiziache wazi mezani, kwani unyevu huzifunga zenyewe kabla ya kadi kuingia. Zihifadhiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, na kila bahasha iingizwe kipande cha karatasi chini ya mdomo wake. Karatasi za A5 zilizokwisha kukatwa na kuchorwa mfuo ninaziuza kwa mafungu ya hamsini pamoja na bahasha zake, na upande wa mbele nimeuwekea alama ya penseli.